Barua pepe zako zinakaa wapi? Ijue kabla programu haijabadilika

Mwaka 2022 katibu muhtasi mmoja alikuja kitengoni kwetu, laptopu yake ameizungushia kanga kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Wiki nzima Thunderbird, programu yake ya barua pepe, ilikuwa inamletea kidirisha kilekile: weka nywila. Anaandika, anabonyeza, kinarudi. Nywila yenyewe ilikuwa sahihi, kwani akiingia kupitia kivinjari anafunguliwa bila shida. Mwenzake wa ofisini akamshauri afute akaunti kwenye programu, kisha aiweke upya. Akafanya hivyo. Barua mpya zikaanza kuingia, ila za miaka sita nyuma, mikataba, risiti na mihutasari ya vikao, hazikuonekana tena.

Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, zimekwenda wapi?"

Kabla ya kumjibu, nieleze kile kidirisha, maana wengi bado kinawatokea. Kwa miaka mingi programu ya barua kwenye kompyuta ilikuwa inahifadhi nywila yako na kuituma kwa seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua zako, kila inapokwenda kuchukua barua. Anayeipata nywila hiyo amepata akaunti nzima, na hata ule uthibitisho wa namba inayotumwa kwenye simu haumzuii. Ndiyo maana tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kupokea nywila za namna hiyo kwa akaunti za kawaida za Gmail. Microsoft ilianza kuzifungia akaunti za ofisi Oktoba 2022, na akaunti binafsi za Outlook.com na Hotmail zikafuata tarehe 16 Septemba 2024. Utaratibu uliochukua nafasi unaitwa OAuth2. Programu inakufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe, unajitambulisha pale, nayo programu inapewa kibali. Nywila yako haiioni kabisa, na kibali hicho unaweza kukifuta siku yoyote laptopu ikiibiwa.

Kwa hiyo kidirisha kikirudi na una hakika na nywila yako, usifute akaunti. Fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, utafute njia ya uthibitisho. Kama imeandikwa nywila ya kawaida, chagua OAuth2. Kisha nenda kwenye seva ya kutuma barua ufanye vivyo hivyo. Hapa watu husahau, halafu wanapiga simu wakisema wanapokea lakini hawawezi kutuma.

Sasa turudi kwa swali la mama yule.

Wenye sanduku la posta watanielewa upesi. Kuna mtu anayefungua sanduku lake, anazoa barua zote na kwenda nazo nyumbani. Sanduku linabaki tupu, na nyumba ikiungua, barua zimeungua. Hiyo ndiyo POP. Mwingine anafungua sanduku, anasoma palepale, anaziacha barua ndani. Hata akija na ufunguo wa pili atazikuta. Hiyo ni IMAP. Akaunti ya POP huhamishia barua kwenye kompyuta yako, na mara nyingi seva inaagizwa ifute nakala yake baada ya siku 14. Akaunti ya IMAP inakuonyesha kilichopo kwenye seva, ndiyo maana simu na kompyuta zinaona kitu kimoja. Lakini tahadhari: ukifuta barua kwenye IMAP ili kupunguza mzigo wa kompyuta, umeifuta kwenye seva na kwenye simu pia. Nimeona mtu akisafisha laptopu ya zamani kabla ya kuiuza, akafuta barua mojamoja, na jioni simu yake ikawa tupu.

Kujua akaunti yako ni ya aina gani ni kazi ya nusu dakika. Kwenye Thunderbird fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva. Mstari wa juu kabisa umeandikwa POP au IMAP. Fanya hivyo leo, kabla hujapata tatizo lolote.

Ukikuta ni POP na ungependa kuhama, ongeza anwani hiyohiyo kama akaunti ya IMAP pembeni ya ile ya zamani. Usiondoe kitu. Nakili barua kutoka folda za zamani kwenda akaunti mpya, mia chache kwa wakati mmoja, hasa kama intaneti yako ni ya bando. Angalia nafasi kwanza: Gmail ya bure ina GB 15, na hizo unagawana na picha zako na faili za Google Drive. Zikishafika, fungua chache kupitia kivinjari uhakikishe viambatisho vinafunguka. Mimi humwambia mtu akae na akaunti zote mbili kwa mwezi mzima.

Bila kujali aina ya akaunti, weka nakala rudufu. Funga Thunderbird kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird, kisha nakili folda yote inayofunguka kwenye diski ya nje. Ndani yake mna barua zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, anwani, vichujio na mipangilio. Kompyuta mpya ikija, hiyo ndiyo mali ya kuhamisha. Programu yenyewe unaipakua tu.

Folda hiyo inaeleza pia hofu nyingine tunayoipokea mara kwa mara. Toleo la 115 la Julai 2023 lilibadilisha sura ya Thunderbird, watu wakachukia, wakarudisha toleo la zamani. Programu hukataa kufungua barua zilizokwisha kuguswa na toleo jipya. Inakutaka uanze na wasifu mtupu, yaani folda mpya ya barua na mipangilio, nawe unaona kama umeibiwa. Barua zipo, kwenye wasifu ule mwingine. Rudisha toleo jipya uchague wasifu wako. Kama tatizo ni sura tu, orodha ya barua inaweza kurudishwa kuwa jedwali kama zamani, na kitufe cha Alt kinaleta menyu ya juu. Wenye Windows 7 au 8 wajue kwamba 115 ndilo toleo la mwisho linalokubali mashine zao.

Kwa upande wa Microsoft, programu ya Mail and Calendar ilifikia kikomo tarehe 31 Desemba 2024, na watumiaji wakaelekezwa kwenye Outlook mpya. Soma ujumbe inaokuonyesha unapoongeza akaunti ya Gmail au Yahoo: nakala ya barua zako itahifadhiwa kwenye seva za Microsoft. Kwa barua za familia huenda usijali. Zahanati, SACCOS au ofisi ya wakili inayobeba siri za watu ijiulize kwanza, kwa sababu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Na mabadiliko haya matapeli wanayafuatilia. Ukipokea barua inayosema akaunti itafungwa kesho usipothibitisha nywila, usibonyeze kiungo chake. Andika mwenyewe anwani ya huduma yako kwenye kivinjari. Kama kuna jambo la kweli utalikuta huko.

Akaunti ya mama yule ilikuwa ya POP. Kwenye seva hapakuwa na barua za zamani. Lakini Thunderbird inapoondoa akaunti huweka visanduku viwili, kimoja cha kuondoa taarifa za akaunti na kingine cha kuondoa barua zenyewe, naye hakuwa amekitia alama cha pili. Tulizikuta faili zake kwenye folda ileile ya wasifu, tukaziunganisha na Local Folders, sehemu ya Thunderbird inayokaa kwenye kompyuta pekee. Saa kumi jioni barua ya kwanza ya mwaka 2016 ikafunguka. Aliisoma yote palepale, akiwa amesimama.