Kijana Kuumwa Kifua Mara kwa Mara: Maumivu Yana Tabia Zake

Vijana wengi wanaokuja kliniki hapa Tanga wakilalamikia maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka huingia na jibu tayari: moyo. Wengine wameshaambiwa na jirani kuwa ni presha, wengine wamemaliza maduka ya dawa ya Ngamiani wakinunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Kwa mtu aliye chini ya miaka 30, moyo huwa ndio chanzo mara chache tu. Lakini hizo mara chache zina dalili zake, na wa kwanza kuziona ni mgonjwa mwenyewe, si mashine. Ndiyo maana daktari makini huuliza sana kabla ya kuandika vipimo: panauma wapi, unakuwa unafanya nini, yanadumu muda gani, yanapoa kwa kitu gani.

Tuanze na kidole. Mgonjwa akiweza kuonyesha panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, na pakibonyezwa panauma vilevile, mara nyingi tatizo liko kwenye ukuta wa kifua: misuli, au gegedu zinazounganisha mbavu na mfupa wa kidari. Hawa ni makuli wa bandarini, wapakia magunia wa soko la Mgandini, wavuvi wanaovuta nyavu, vijana wanaonyanyua vyuma, na hata mtu aliyekohoa wiki nzima. Akijigeuza kitandani panauma, akipiga chafya panauma. Hali hii yaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, ikipoa na kurudi, kwa sababu anayelipwa kwa gunia hana likizo. Kupunguza mizigo kwa muda na kumeza parasetamoli huwatosha wengi.

Watoto wa shule na vijana hupata pia kichomi cha ghafla upande wa kushoto, karibu na chuchu, wakiwa wamekaa tu. Akivuta pumzi kinachoma zaidi. Hudumu sekunde chache hadi dakika tatu hivi, kisha kinapotea kama hakikuwepo. Kinatisha, lakini hakina madhara wala hakihitaji dawa.

Diklofenaki niliyoitaja inastahili maneno zaidi, kwa kuwa kiungulia ni chanzo kikubwa cha maumivu ya katikati ya kifua, na dawa hiyo hukichochea. Mtu anakula mihogo ya kukaanga na pilipili saa nne usiku, anashushia kahawa au machungwa ya Muheza, anajinyoosha kitandani. Tindikali ya tumbo inapanda kwenye umio, yaani njia ya chakula, na kifua kinawaka. Asubuhi anameza diklofenaki tumbo likiwa tupu. Usiku unaofuata hali ni mbaya zaidi. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hukwangua tumbo. Kula mapema, masaa mawili au matatu kabla ya kulala, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda husaidia kuliko watu wanavyodhani. Swali jingine ninalopenda kuuliza: umepewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, karibuni? Kidonge hicho kikimezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, hukwama kwenye umio na kuuchoma, na kila tonge linapopita kifua kinauma. Kimeze kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa, na usilale papo hapo.

Mapafu nayo yana yake. Kifua kinachobana usiku kwa mlio wa filimbi, au kwa mtu anayefanya kazi kwenye vumbi la mkonge au saruji, chaweza kuwa pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kupima kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Kifua kikuu huweza pia kuingia kwenye utando unaozunguka moyo, na hapo mgonjwa huumia zaidi akilala chali, akapata nafuu akikaa na kuinama mbele. Mwenye selimundu anayeumwa kifua huku ana homa au anahema kwa shida asisubiri kesho.

Hofu pia huuma kweli, si maigizo. Wakati wa mitihani, deni, au mikeka ya kubeti iliyochanika, moyo unaenda mbio, vidole na midomo vinapata ganzi, kifua kinabana, na ndani ya dakika kumi mtu anaamini anakufa. Kumwambia “huna ugonjwa” hakumsaidii; kumweleza kinachotokea mwilini na kumfundisha kupumua polepole kunamsaidia.

Sasa moyo. Maumivu yanayokuja wakati wa kukimbia au kupanda ngazi na kuisha ukipumzika, si baada ya mazoezi bali katikati yake, yachunguzwe. Vivyo hivyo kijana anayezimia uwanjani, au aliye na ndugu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Huyu aache mpira hadi apimwe umeme wa moyo na ultrasaundi ya moyo, hata kama timu inamtegemea. Aliyeugua mafindofindo mara kwa mara utotoni bila tiba kamili, na sasa anachoka na kuhema upesi, achunguzwe vali za moyo. Kokeini inaweza kubana mishipa ya moyo hata kwa mwenye miaka 20. Mwambie daktari ukweli, yeye si polisi.

Kukosa pumzi ghafla, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, maumivu yanayoenea taya au mkono pamoja na jasho baridi, au kichomi cha upande mmoja kinachomfanya mtu ashindwe kumaliza sentensi: hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Mgonjwa asijiendeshe mwenyewe pikipiki. Apelekwe, na ndugu abebe vidonge vyote alivyokwisha kumeza, vikiwa kwenye pakiti zake.