Geuza ua utazame kikombe: kutambua jamaa za senesio mashambani Bukavu

Mama mmoja kutoka upande wa Mudaka alitufikia ofisini na fungu la mimea yenye maua ya njano, amelifunga kwa kamba ya mgomba. Aliuliza swali moja tu: "Ni haya yanayoua ng'ombe?" Mtoto wake alikuwa ameona kwenye simu picha ya mmea wa Ulaya unaoharibu ini la mifugo, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inang'oa kila chenye njano kando ya shamba. Tulipolifungua fungu tukakuta mimea minne. Mmoja tu ndio wa ukoo wa senesio, yaani kundi la mmea ule wa Ulaya.

Ule wa kwenye picha ni Jacobaea vulgaris, ambao vitabu vya zamani viliuita Senecio jacobaea. Kwao ni Ulaya na Asia, hivyo hakuna sababu ya kuutafuta Kabare. Lakini namna wenyeji wa huko wanavyoutenganisha na ndugu zake inatufaa hata sisi. Wote wana maua ya njano yanayofanana, basi wanatazama jani. Jacobaea erucifolia ina manyoya ya kijivu chini ya jani. Jacobaea aquatica, inayopenda maji, jani lake huishia kwa kipande kimoja kikubwa kuliko vingine vyote. Rangi ya ua haiwasaidii kitu.

Turudi kwenye fungu la mama. Alizeti-pori ya uzio, Tithonia diversifolia, iliyotoka Meksiko, ina ua pana kama kiganja. Hiyo hata mtoto anaijua. Bidens pilosa ni ile ambayo mbegu zake hung'ang'ania suruali ukipita. Galinsoga parviflora ina kitovu cha njano chenye vipetali vitano vyeupe, vidogo sana. Zote tatu ni za familia kubwa ya alizeti, lakini si za ukoo wa senesio.

Wa nne ulikuwa Crassocephalum vitellinum. Huota pembeni mwa barabara na penye unyevu, ukitambaa kabla ya kuinua shingo. Jina lake la pili linatokana na kiini cha yai, na ndiyo rangi yake: njano iliyokaribia machungwa. Shika ua moja uligeuze. Chini utaona kikombe cha kijani: majani membamba yamesimama safu moja, yote urefu mmoja kama fito za uzio, na kwenye kitako kuna vingine vifupi sana. Kikombe hicho ndicho alama ya kwanza ya ukoo. Sasa lipasue ua kwa ukucha. Hakuna vipetali vya kuzunguka, ni vijimrija tu vilivyobanana, na katikati yake nywele laini nyeupe. Senecio ni neno la Kilatini linalotokana na "mzee", kwa sababu ya mvi hizo zinazobebwa na upepo pamoja na mbegu. Jani lake lina meno pembeni.

Ndugu yake ambaye ningependa kila mkulima amjue ni Crassocephalum crepidioides. Huyu hujitokeza shamba likishalimwa au kuchomwa, na anaweza kufika mita moja. Vichwa vya maua vikiwa vichanga huinama, vyembamba kama kifuniko cha kalamu, ncha zake nyekundu ya tofali. Majani ya chini yamechanika pembeni, ya juu hayachaniki sana. Kule Nigeria hupikwa kama mboga. Hata hivyo wachunguzi wamekuta ndani yake jakobini, sumu ileile ya ini iliyopewa jina kutokana na mmea wa Ulaya. Mimi kwangu siupiki, na sishauri mtu aufanye mboga ya kila siku wakati lengalenga (mchicha) ipo sokoni.

Hapa wafugaji wa dende (cobaye, mnyama mdogo wa kufugwa kama panya asiye na mkia) hunijibu: "Dende zangu zinakula, hazifi." Ni kweli, na ndiyo sababu jibu hilo linanitia wasiwasi. Dende na sungura huvumilia sumu za namna hii kuliko wanyama wengi. Mbuzi na kondoo nao huvumilia kuliko ng'ombe. Ng'ombe, farasi, nguruwe na kuku huumia upesi zaidi. Tena ini huharibika polepole, mnyama akaanza kukonda wakati majani yameshasahaulika. Mmea ukikauka uchungu hupungua lakini sumu hubaki, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye majani makavu yaliyowekwa akiba.

Ukipanda milima ya Kahuzi au volkano za Virunga, utakutana na jamaa walewale wakiwa miti: Dendrosenecio, shina nene lenye shada la majani makubwa kileleni. Wapo ndani ya hifadhi, usikate hata jani.

Ukiwa na shaka, tuletee mmea ukiwa na ua, jani la chini na jani la juu. Wengi huleta ua peke yake, nasi tunabaki kubahatisha. Uweke katikati ya gazeti kavu, uubane kwa kitabu kizito, ubadilishe gazeti kila siku ili usioze, na uandike ulipoutoa: bondeni, shambani au kando ya njia. Mama wa Mudaka amesharudi mara mbili na magazeti yake, na mara ya pili alikuwa amekwisha kuutenga ule wa safu moja kabla hatujafungua.