Watu milioni 60, wachezaji 11

Jumamosi tena, barazani Mikindani, kahawa haijapoa, shemeji akaitoa ile yake kuhusu Tanzania na Kombe la Dunia: "Milioni 60 tunakosa wachezaji 11 tu?" Wote wakaitikia kama dua. Mchumi pale ni mimi, kwa hiyo wakanigeukia, kisha wakaongea wao. Basi naandika.

Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Uruguay hawafiki milioni 4 na wana Makombe ya Dunia mawili, 1930 na 1950. Croatia hawafiki milioni 4 pia. Walicheza fainali 2018. China imeingia mara moja, 2002, mechi tatu bila bao. India haijawahi kucheza hata moja.

Ukishasema hayo, watu wanarukia ukingo wa pili: kumbe idadi si kitu. Hapo ndipo naudhika zaidi, maana idadi ni kitu. Ila haifanyi kazi kama shemeji anavyodhani.

Chukua gunia moja la korosho, chagua 11 kubwa kuliko zote. Sasa mwaga magunia 20, uchague 11 tena. Hizi za pili zitakuwa kubwa zaidi, lakini si mara 20. Zitazidi kidogo, huenda usizitofautishe kwa macho. Ndiyo sababu sisi wachumi, tukitengeneza modeli (hesabu ya kukisia nchi gani itafanya vizuri mpirani), idadi ya watu tunaiingiza kwa logi, yaani kila nyongeza inahesabika kidogo kadiri idadi inavyokua, na anayeiingiza mbichi mimi simsomi. Sasa lete gunia moja la shamba lililopogolewa, likapaliliwa, likapuliziwa salfa kwa wakati wake. Hilo moja linayashinda yale 20 ya mikorosho iliyoachiwa ugonjwa wa ubwiriunga. Kila mkulima hapa anajua hili. Akifika kwenye mpira analisahau.

Na gunia letu wala si la milioni 61. Toa wanawake (Twiga Stars wana hesabu yao), toa watoto na wazee, kisha toa kila kijana ambaye hajawahi kufundishwa na kocha. Mtoto wa Nanyamba anayecheza chandimu hadi miaka 17 bila mtu kumsahihisha mguu wa kushoto hayumo guniani, hata awe na kipaji cha namna gani. Iceland walikuwa kama 330,000 walipoifunga Uingereza 2-1 kwenye Euro 2016. Mkoa wa Mtwara peke yake una watu zaidi ya milioni 1.6. Wenzetu walijenga kumbi za mpira zenye paa na kusomesha makocha kwa wingi, mpaka watoto wadogo wanafundishwa na mwenye leseni.

Pesa nisizungushe: zinasaidia nchi inapotoka chini, kisha nguvu yake inapungua. Qatar 2022 walikuwa wenyeji wakapoteza mechi zote tatu. Ndiyo, walishachukua Kombe la Asia 2019, najua, na mfano huo unanisumbua.

Kinachonitia aibu kwenye modeli hizo ni kigezo cha "utamaduni wa Kilatini". Ukikiweka, modeli inapendeza, Brazil na Argentina zinakaa mahali pake. Lakini kinaeleza nini? Tumeupa ujinga wetu jina, tukauwekea safu kwenye jedwali. Nami nakitumia.

Uenyeji je? Hadi 2022, wenyeji wamebeba Makombe 6 kati ya 22. Lakini Ujerumani Magharibi ya 1974 ingekuwa hatari hata kama ingechezea Ilulu pale Lindi. Kutenganisha ubora na uenyeji ni kazi, na mechi za mtoano ni chache, bao moja linaamua, penalti ndiyo usiseme. Ivory Coast, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) iliyopigwa mapema 2024, walifungwa 4-0 nyumbani na Equatorial Guinea, wakaachana na kocha katikati ya mashindano, wakabeba kombe. Mimi nilishawafuta kwenye karatasi yangu.

Shemeji alinyamaza kidogo, akauliza: "AFCON ya 2027 wenyeji ni sisi, Kenya na Uganda. Huo uenyeji tunagawana theluthi, au kila mmoja anaupata wote?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza swali zuri hivyo. AFCON ya wenyeji wawili imechezwa mara mbili, 2000 na 2012, na zote zilibebwa na wageni, Cameroon kisha Zambia. Kwa mifano miwili huwezi kuchora hata mstari wa kujitetea. Nikamlipia kahawa.