Je, wajua? Kenya mwenye kura nyingi si lazima awe rais

Muulize mtoto rais wa Kenya anapatikanaje, atakwambia watu wanapiga kura, zinahesabiwa, mwenye nyingi anaapishwa. Hata watu wazima wengi watakujibu hivo, na mimi siwalaumu, maana zamani ilikuwa karibu hivo: 1992 Moi alishinda na asilimia 36 tu kwa sababu wapinzani waligawana zile zingine. Katiba ya 2010 ikaweka masharti mawili. Kwanza upate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, alafu upate angalau asilimia 25 ya kura kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47.

Hilo la pili ndo linachanganya watu, wanadhani lazima ushinde kaunti 24. Hapana. Mweleze mtoto hivi: shule ina madarasa 47, inachagua kiranja mkuu. Darasa lenu mko 40, Amina anapata mikono 10, mwenzake 30. Hapo Amina ameshindwa vibaya, lakini 10 ni robo ya 40, kwa hivo darasa lenu linahesabika kwake, na akipata robo kama hiyo kwa madarasa 24 hilo sharti amelimaliza hata kama hajaongoza darasa lolote kati ya hayo. Lakini akikaa tu na madarasa ya marafiki zake, hata wampigie wote, ukiranja haupati kwa duru ya kwanza.

Ndo maana wakati wa kampeni unaona helikopta ya mgombea inatua mahali kila mtu anajua hawezi kuongoza, anatafuta robo. Mimi hii sheria naipenda sana, inamlazimisha anayetaka Ikulu akasalimie watu wasiompenda, ingawa haijamaliza kura za ukabila.

Nusu nayo si mchezo, 2022 Ruto alitangazwa na asilimia 50.49. Kama hakuna aliyetimiza yote mawili, wawili wa juu wanarudi kwa debe ndani ya siku 30, na safari hiyo mwenye kura nyingi anachukua, hakuna kuulizana robo. Duru ya pili ya aina hiyo haikutokea 2013, 2017 wala 2022. Ile kura ya Oktoba 2017 ambayo wengi huiita duru ya pili ilikuwa marudio, Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti.