Yule dada wa uchaguzi: tunayomsingizia na tusiyoyauliza

Pale Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, upande wa wauza kahawa, kuna mazungumzo ambayo hayajaisha tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Akipita mtu mwenye bahasha ya kaki na kitambulisho cha halmashauri shingoni, lazima mmoja agune: "Yule dada ni wa ofisi ya uchaguzi. Hao ndio wanaotumaliza." Mama anayekaanga viazi pembeni anaongezea kwamba wanalipwa mshahara mara mbili. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesimamia kituo cha kupigia kura mara mbili katika maisha yangu, na kwa kawaida hunywa kahawa yangu nikanyamaza. Siku moja nilishindwa kunyamaza. Niliyosema siku hiyo nayaandika hapa, pamoja na yale yaliyonijia nikiwa nimeshapanda bajaji kurudi Ilomba.

Simtetei mtu. Wasiwasi wa watu una sababu zake, na baadhi ni nzito kuliko wanavyodhani wenyewe. Shida yangu ni kwamba tunabisha hodi nyumba isiyohusika, na mwenye nyumba inayohusika anaendelea kulala.

"Afisa uchaguzi wa halmashauri ndiye anayeamua nani ashinde"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Mkoa wetu una halmashauri saba: Jiji la Mbeya, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Chunya na Mbarali. Afisa uchaguzi ni mtumishi wa halmashauri kama alivyo afisa kilimo au afisa utamaduni. Miaka mingi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kazi yake ni makabrasha: orodha za vituo, barua, vifaa vilivyobaki stoo, kumbukumbu za uchaguzi uliopita.

Uchaguzi mkuu ukiitishwa, mwenye mamlaka jimboni ni msimamizi wa uchaguzi, ambaye Tume, yaani Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, humteua kwa kazi hiyo. Chini yake wako wasimamizi wasaidizi wa jimbo na wa kata, kisha wasimamizi wa vituo na wasaidizi wao, na mwishoni karani mwongozaji, yule anayekuonyesha foleni. Msimamizi wa uchaguzi ndiye anayemtangaza mbunge. Diwani hutangazwa na msimamizi msaidizi wa kata. Yule dada wa bahasha ya kaki hamtangazi mtu yeyote, labda awe ameteuliwa kuwa msaidizi, na hapo anafanya kazi kwa cheo hicho kingine.

Swali zuri tunaliruka. Tume haina kikosi chake cha kudumu huku wilayani. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 nchi ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 37 na vituo karibu laki moja. Wa kukaa kwenye meza zote hizo wanatoka wapi? Wanaazimwa. Walimu, watendaji, maafisa ugani, vijana waliomaliza chuo wakakosa ajira. Kwa wale watumishi, mtu anaapa leo kwamba anaitumikia Tume, na uchaguzi ukiisha anarudi kwenye kiti chake cha zamani, chini ya bosi wake wa zamani, anayemjazia tathmini ya utendaji na kumpangia uhamisho. Hapo ndipo ningetaka kijiwe kikae kwa saa nzima. Wiki inayofuata huyu mtu anaripoti kwa nani?

"Tume ndiyo iliyowaengua wagombea wetu wa mtaa"

Hapana. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji mwaka 2024 hawakuchaguliwa chini ya Tume. Uchaguzi ule uliendeshwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa kanuni za waziri mwenye dhamana, na wasimamizi walikuwa wakurugenzi wa halmashauri. Hata orodha ya wapiga kura ilikuwa nyingine: uandikishaji wake ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, na kadi yako ya mpiga kura ya Tume haikukuingiza kwenye orodha ile. Watu wengi huku Mbeya waliikosa kura kwa sababu hiyo tu. Walifika na kadi mkononi, jina halipo, wakaondoka wakiamini wamefutwa. Jirani yangu mpaka leo haniamini nikimweleza.

Hata hivyo, anayenung'unika kuhusu uchaguzi ule hajakosea kunung'unika. Mgombea aliyeenguliwa alikata rufaa kwenye Kamati ya Rufani ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Katibu Tawala wa Wilaya. Kwa hiyo aliyeengua ni mtumishi aliye chini ya TAMISEMI, na anayesikiliza rufaa anatoka katika nyumba hiyohiyo. Wazee walishasema kuhusu kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Matokeo yalipotoka, chama tawala kilikuwa kimechukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi katika vijiji, mitaa na vitongoji. Mtu anaweza kuamini hesabu hizo au asiziamini, lakini asimwendee nazo mtu wa Tume, ambaye hakuzipika wala hakuzipakua.

Tena kuna jambo ambalo wachache wanalijua. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 inasema Tume itasimamia pia uchaguzi huu wa vijiji, mitaa na vitongoji kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Novemba ikafika, sheria hiyo haijatungwa, na TAMISEMI wakaendelea na sufuria yao. Kama mtu anatafuta pa kumuuliza mbunge wake swali, ndipo hapo.

"Mkurugenzi wa halmashauri ni lazima awe msimamizi, na ni lazima awe kada"

Hapa panahitaji subira, maana historia yake ni ndefu na ina mahakama tatu.

Kwa sheria ya zamani, mkurugenzi alikuwa msimamizi wa uchaguzi mkuu kwa sababu tu ya kiti chake. Wakurugenzi huteuliwa na Rais, na Rais ni mwenyekiti wa chama chake na mara nyingi ni mgombea. Hata mtoto wa darasa la tano angeuliza. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe akaenda kuuliza Mahakama Kuu, na Mei 2019 majaji wakakubaliana naye kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Vijiwe vilishangilia. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu, ikisema sheria ina kinga za kutosha, kikiwemo kiapo. Uchaguzi wa 2020 ukaendeshwa na wakurugenzi walewale. Shauri likapelekwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, na Juni 2023 ikaona waliolalamika wana hoja, ikaitaka serikali irekebishe sheria.

Sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani ya mwaka 2024 haimtaji tena mkurugenzi kwa kiti chake. Inasema Tume itateua wasimamizi miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Anayesema "lazima awe mkurugenzi" amebaki na kitabu cha zamani.

Lakini yule anayejibu "basi shida imekwisha" nampa nusu ya alama. Mtumishi mwandamizi wa umma bado ni mtumishi wa serikali ileile, na hakuna kinachomzuia mkurugenzi kuwemo humo ndani. Wajumbe wa Tume sasa wanapitia Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, hatua ambayo haikuwepo zamani, ila anayeteua mwishoni ni Rais. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hili halihitaji mtu awe mwovu. Linahitaji tu awe na ngozi mkononi. Kwa hiyo swali la haki juu ya msimamizi wa jimbo lako si kadi gani ya chama iliyo mfukoni mwake. Muulize alipotoka, nani alimpendekeza, na atarudi wapi.

"Makarani wanapewa kazi kwa simu, kiapo ni geresha"

Nafasi hutangazwa. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata, ofisi ya halmashauri, siku hizi na mtandaoni. Watu huandika barua, huitwa kwenye usaili, hupewa mafunzo, huapishwa. Hiyo ndiyo njia iliyoandikwa. Nimeona pia tangazo lililobandikwa jioni na muda wa maombi ukawa umebaki kiduchu, na nikashuhudia mtoto wa fulani akiitwa kwenye usaili ambao hakuandikia barua. Mahali penyewe sipataji. Kata ndogo kila mtu ni ndugu wa mtu, na ukitafuta msimamizi wa kituo asiye na shemeji kwenye chama chochote huku Rungwe, utamwagiza kutoka ng'ambo.

Kuhusu kiapo: msimamizi huapa mbele ya hakimu kutunza siri, na hutoa tamko kwamba si mwanachama wa chama cha siasa au kwamba amejitoa uanachama. Nilipoinua mkono wangu mara ya kwanza, nilitetemeka. Mwenzangu wa kulia alikuwa anatafuna bablishi. Kiapo kina uzito wa kisheria, lakini hakikatizi kumbukumbu za mtu wala hakimfuti bosi. Kinachofanya ni kumpa mlalamikaji pa kushika: anayevunja kiapo amevunja sheria, na hilo linaweza kusemwa mahakamani kwa ushahidi. Kwa kunong'ona Mwanjelwa haliwezi.

"Kura zinahesabiwa usiku ofisini kwa mkurugenzi"

Zinahesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama. Matokeo huandikwa kwenye fomu namba 21: A ya Rais, B ya mbunge, C ya diwani. Mawakala husaini, hupewa nakala, na nyingine hubandikwa nje ya kituo mtu asome. Kinachokwenda kwa msimamizi ni majumuisho, yaani kujumlisha fomu hizo.

Nikieleza hivi, huulizwa: sasa wizi unatokea wapi, kama upo? Unatokea pale ambapo wakala hakuwepo. Barua yake ya utambulisho ilicheleweshwa, au aliapishwa kata nyingine, au chama chake hakikumpa hata nauli na chai, saa tisa alasiri akaenda kula na hakurudi. Kuna fomu ya wakala kuandika kama ameridhika au ana malalamiko. Katika kituo changu cha pili, mawakala wawili waliniambia kwa midomo kwamba hawajaridhika, na wote wawili wakaandika wameridhika kwa sababu giza lilikuwa linaingia na Iyunga ni mbali. Nakala za fomu 21B za vituo vyote zikiwa mkononi mwa chama kimoja, anayejumlisha vibaya ofisini anajulikana kabla hajafunga kalamu. Zisipokuwepo, hakuna wa kumbishia.

"Halmashauri ndiyo iliyokata jimbo la Mbeya Mjini"

Jiji hili lina watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, na Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, likiwemo Uyole lililokatwa kutoka Mbeya Mjini. Ugawaji wa majimbo ni kazi ya Tume kwa Katiba. Halmashauri na wadau hupeleka mapendekezo, basi.

"Wanalipwa mshahara mara mbili"

Wanalipwa posho ya mafunzo na ya siku za kazi. Yangu ya mwisho ilichelewa hadi nikaisahau, nikaja kuikumbuka siku mke wangu alipoikumbuka.

"Hakuna pa kulalamikia"

Pako, ingawa njia ni nyembamba. Uteuzi wa mgombea ubunge au udiwani hupingwa kwa msimamizi au msaidizi wake wa kata, na rufaa hupelekwa Tume. Matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu, nasi tunayo kanda yetu hapahapa Mbeya, ndani ya siku 30. Ya udiwani huanzia mahakama za chini. Ugumu ni dhamana ya gharama, inayohesabika kwa mamilioni, na mkulima wa viazi wa Umalila hana mamilioni ya kuweka mahakamani akisubiri. Ya urais yana ukuta: Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mtu akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo anayesema hakuna pa kulalamikia anasema kweli kwenye kura moja kati ya tatu alizopiga, na ndiyo kubwa. Baada ya 29 Oktoba 2025, intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima na watu wamejifungia ndani, sikupata nguvu ya kumsahihisha mtu yeyote juu ya hilo.

Siku ile kijiweni nilimaliza na kiapo, kwa sababu kahawa ilikuwa imepoa. Kijana mmoja dereva wa bajaji, ambaye muda wote alikuwa anachezea funguo, akauliza: "Mwalimu, shikamoo kwanza. Sasa huyo hakimu anayewaapisha, yeye anateuliwa na nani?"

"Marahaba. Na Tume ya Utumishi wa Mahakama."

Akacheka mpaka mama wa viazi akageuka. "Tume nyingine tena!" Akamwambia muuza kahawa aniongezee kikombe, atalipa yeye.