Pedi za nyuma kwenye gari lenye hendibreki ya umeme: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Kitufe cha hendibreki ya umeme, chenye herufi P ndani ya duara, kimeshafika Mbeya, Iringa na Njombe pamoja na magari yaliyotumika kutoka nje: Harrier za kuanzia 2013, Mazda CX-5 na Forester za miaka ya karibuni, Volkswagen, Audi, Discovery. Kwa macho, kubadilisha pedi za nyuma za magari haya ni kazi ile ile ya siku zote. Unafungua tairi, unafungua kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), unarudisha pistoni yake, unaweka pedi mpya. Tofauti iko kwenye hatua moja, ya kurudisha pistoni, na hapo ndipo kalipa nzima inapoharibiwa kwa dakika mbili za haraka.

«Pistoni ikikataa kurudi, kaza klampu mpaka iingie»

Hii ndiyo dhana ya gharama kubwa kuliko zote.

Tazama mgongo wa kalipa ya nyuma. Utaona kidude cha plastiki nyeusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimeshikwa na skrubu mbili na kinaingia waya. Hiyo ni mota. Ukivuta swichi ya hendibreki, mota inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu nene iliyo ndani ya kalipa, na juu ya skrubu hiyo kuna nati iliyokaa ndani ya tumbo la pistoni. Nati inasogea mbele kama inavyosogea ile ya jeki ya mkasi, inaisukuma pistoni kutoka ndani, na pedi zinaibana diski. Jeki ya mkasi haishuki yenyewe ukiiachia mkono, na nati hii nayo hairudi mpaka mota izungushe kinyume.

Sasa piga hesabu. Kwenye kalipa ya pistoni moja, pistoni ndiyo inayofidia kuliwa kwa pedi zote mbili, ya ndani na ya nje. Pedi iliyoanza na mm 10 na kuisha hadi mm 3 imepoteza mm 7. Pedi mbili ni mm 14, bila kuhesabu diski yenyewe ilivyopungua. Kwa hiyo pistoni inatakiwa kurudi karibu sentimita moja na nusu ili pedi mpya zipate nafasi. Hendibreki ikiachiwa kwa kitufe, nati inarudi kidogo tu, kiasi cha kuacha diski izunguke. Ndiyo maana fundi akianza kukaza klampu pistoni inaingia kwa ulaini, halafu ghafla inagota. Mkono ukisikia hivyo, acha. Si kutu wala uchafu. Pistoni imefika kwenye nati, na kila robo mzunguko utakayoongeza inabebwa na skrubu, beringi yake na pistoni yenyewe.

Kalipa iliyolazimishwa inaweza kufungwa na gari likatembea vizuri wiki nzima. Kisha siku moja taa ya hendibreki inaanza kuwaka na kuzima, upande mmoja unabana na mwingine haubani, na lawama inaangukia pedi au mota.

Dawa ni kuiambia kompyuta ya gari irudishe nati hadi mwisho kabla hujagusa boliti yoyote. Hiyo inaitwa hali ya matengenezo. Utaisikia: mota za nyuma zinanguruma kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha zinanyamaza, na ujumbe au taa inajitokeza kwenye dashibodi. Baada ya hapo pistoni inarudi kwa klampu ya kawaida, taratibu, bila kupigana nayo.

«Chomoa betri, breki itajiachia»

Haijiachii. Skrubu inashikilia bila umeme. Ndiyo sababu gari lililoishiwa betri asubuhi ya baridi kali kule Makete linabaki limebanwa mpaka liunganishwe na betri nyingine. Kuchomoa betri kunaiacha nati pale pale ilipokuwa, nyuma ya pistoni.

Dhana ya pacha inasema inatosha kuachia hendibreki kwa kitufe kisha kuzima gari. Kuna magari yanayobana yenyewe ukizima swichi au ukifungua mlango wa dereva. Kalipa ikiwa imeshafunguliwa na gari likaamua kubana, nati inaisukuma pistoni isiyo na kitu mbele yake. Pistoni inaweza kutoka nje ya mpira wake, na mafuta ya breki yakamwagika. Zima pia kitufe kilichoandikwa AUTO HOLD, kinachoshikilia breki gari likisimama, na ufunguo usibaki mkononi mwa mtu anayeingia na kutoka garini.

«Bila mashine ya kampuni iliyounda gari, kazi haiwezekani»

Si kweli. Wala si kweli kwamba kidude chochote cha kusomea hitilafu kinatosha. Magari kadhaa ya Kijapani yana njia ya kuingia hali ya matengenezo bila mashine: unawasha swichi bila kuwasha injini, unakanyaga pedeli iliyotajwa, unabonyeza au kuvuta swichi ya hendibreki kwa mfuatano na kwa sekunde maalumu. Mfuatano hubadilika hata kati ya miaka miwili ya gari lile lile, kwa hiyo chukua ule wa kitabu cha ufundi cha gari lenyewe.

Kwa Volkswagen na Audi tegemea kuhitaji mashine. Kabla ya kumlipa mwenye mashine, muulize swali moja: inaingia kwenye kompyuta ya breki, au inasoma injini tu? Vile vidude vidogo vinavyounganishwa na simu vingi vinaishia kwenye injini. Unachotafuta ni orodha ya kazi maalumu yenye kipengele cha kufungua na kufunga hendibreki ya umeme.

Kuna na ile njia ya kuchomoa soketi ya mota na kuipa umeme wa betri ya volti 12 moja kwa moja. Inafanya kazi, na nati inarudi. Lakini mota haina wa kuiambia isimame. Ikifika mwisho inaendelea kusukuma dhidi ya ukuta, na gia zake zinaumia. Kompyuta nayo inapoteza hesabu ya mahali nati ilipo. Kwa gari lililokwama Igawa usiku, mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kugusisha waya kwa vipande vya nusu sekunde na kuacha mara sauti inapobadilika kuwa nzito. Kwa gari lililo gereji mjini, hakuna sababu.

«Pistoni ya nyuma lazima izungushwe inaporudi»

Hiyo ni ya kalipa za hendibreki ya kamba. Nyingi za mota zinasukumwa moja kwa moja. Angalia uso wa pistoni: kama hauna vijitundu au mikato ya kushikia kifaa, usizungushe.

«Hendibreki za umeme zote ni sawa»

Fungua macho kabla ya kufungua spana. Discovery 3 na 4 hazina mota kwenye kalipa. Mota yake iko chini ya gari, inavuta kamba mbili, na kamba zinapanua shuu ndogo (vipande vya breki vilivyopinda) zilizo ndani ya kitovu cha diski ya nyuma, kama dramu. Hapo pedi za nyuma zinabadilishwa bila kugusa hendibreki kabisa, kwa sababu pedi na hendibreki ni vitu viwili tofauti. Mradi unabadilisha pedi peke yake, hali ya matengenezo haikuhusu.

Kinachokuhusu ni matope. Udongo wa Rungwe ukiingia ndani ya kile kidramu na kukaukia humo, shuu zinaisha bila kuonekana au zinakaa bila mpangilio. Utasikia mlio mkali wa kukwaruza ukibonyeza kitufe. Ukiupuuza, mota inavuta kamba kuliko uwezo wake, na moduli yake ni ghali kuliko shuu mara nyingi. Toa diski, safisha, rekebisha shuu kwa kile kigurudumu chenye meno, pande zote mbili sawa.

«Pedi za nyuma haziishi, zitazame za mbele tu»

Kwa magari ya zamani ilikuwa karibu na kweli. Magari ya sasa hugawa nguvu ya breki kwa kompyuta, na mfumo wa kuzuia gari kuteleza hugusa breki za nyuma bila dereva kujua. Ongeza mteremko wa Kitonga, ule wa Iwambi, na mzigo wa viazi kwenye buti, na utakuta za nyuma zimeisha mapema kuliko ulivyodhani.

Pima pedi ya ndani, usiishie kwenye ile ya nje inayoonekana kati ya nafasi za rimu. Ikifika mm 3 nunua, ikifika mm 2 usiendelee kutembea. Nunua seti ya pedi nne, tairi zote mbili za nyuma. Diski ina kipimo cha chini cha unene kilichogongwa kwenye chuma chake, mara nyingi baada ya herufi MIN TH. Ikiwa chini ya hapo, pedi mpya haziwezi kuiokoa.

Ndani ya pakiti, pedi nne hazifanani zote. Yenye kale kachuma kembamba ka kupigia mlio huwa ya ndani. Zikibadilishana nafasi, kachuma kanakwaruza diski kabla ya wakati, au hakapigi kelele kabisa pedi inapoisha.

«Grisi ni grisi»

Mipira ya kalipa imetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, haivumilii mafuta ya petroli. Grisi ya kawaida ya beringi inaivimbisha, pini zinakwama, na pedi inaliwa upande mmoja kama kabari. Pini zinataka grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa ni ya pini za kalipa, kiasi cha kufunika chuma kwa utando mwembamba. Kabla ya hapo futa ile ya zamani yote. Vumbi la Usangu likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa kama msasa.

Masikio ya pedi yanapata grisi ya breki inayovumilia joto, kidogo sana. Uso wa pedi na diski haupati kitu. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa. Losha kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, ukiwa umefunga pua.

«Mafuta ya breki yamepungua, ongeza kwanza»

Mafuta hushuka kwenye chupa kwa sababu pistoni zimetoka nje kufuata pedi zinazoisha. Aliyejaza chupa mwezi uliopita atayaona yakifurika juu ya injini pistoni zinaporudi, na rangi ya gari itakayoguswa itababuka. Nyonya kidogo kwa bomba la sindano kabla ya kuanza, zungushia kitambaa.

Kama hujui mafuta yalibadilishwa lini, huu ndio wakati. Yananyonya unyevu hewani, na unyevu unashusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yaliyoshiba maji kuanzia 155. DOT 3 ni 205 na 140. Tofauti hiyo dereva hataigundua mitaa ya Mwanjelwa. Ataigundua Kitonga nyuma ya lori, mguu ukiwa juu ya breki kona baada ya kona, pedeli ikianza kuwa laini kama sponji. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni silikoni, hata kama namba inaonekana kubwa.

«Ukimaliza kufunga, bonyeza kitufe uone kama inashika»

Mpangilio una maana. Gari likiwa bado kwenye hali ya matengenezo, kanyaga pedeli ya breki taratibu, mara nyingi, mpaka isimame juu na iwe ngumu. Hapo pistoni zimegusa pedi. Ndipo utoke kwenye hali ya matengenezo kwa mashine au kwa mfuatano wa swichi, nati zisogee na kujifunza mahali papya. Kisha vuta na achia hendibreki mara tatu au zaidi kama kitabu kinavyosema, na soma hitilafu zilizobaki. Ukiruka pedeli, nati inaitafuta pistoni iliyo mbali, kompyuta inahisi kuna kasoro na inawasha taa.

Wakati wote huu gari halina hendibreki. Viwanja vingi vya gereji Mbeya vimeinama, kwa hiyo kabari mbili kwenye tairi za mbele kabla ya jeki, na stendi chini ya gari baada yake. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma, ukiziinua zote mbili, gia ya P haishiki kitu.

Boliti za pini za kalipa mara nyingi hukazwa Nm 25 hadi 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), za mabano yanayoshika kalipa karibu Nm 100, nati za tairi za Toyota Nm 103. Boliti za pini za Volkswagen zenye gundi kwenye nyuzi ni za kutumika mara moja, nunua mpya.

«Pedi mpya zinashika siku hiyo hiyo»

Zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, kama kipande cha Igurusi hadi Chimala. Kutoka kilomita 60 kwa saa punguza hadi 15 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha tembea dakika moja zipoe. Rudia mara 20 hivi. Usifanyie zoezi hili Mlima Nyoka.

«Mlio baada ya kuzima gari ni hitilafu»

Umeshuka mlima, umeegesha Ipogolo, umefunga milango. Dakika chache baadaye gari lililo kimya linatoa mngurumo mfupi nyuma. Diski iliyokuwa ya moto imepoa na kusinyaa, kubana kumelegea kidogo, na mota zimekaza tena. Hiyo ni kazi yake. Mlio wa kutilia shaka ni ule unaotoka upande mmoja tu, au unaorudiwa mara nyingi mfululizo huku taa nyekundu ikimeta. Ukisikia huo, rudi kwenye kalipa ya upande ulionyamaza: anza na soketi ya mota, uone kama imesukumwa mpaka ikalia «tak».