Motari asiye na permi hapotezi haki ya fidia
Wamotari (madereva wa pikipiki za abiria) wengi wa Goma, nchini Kongo (DRC), huamini kwamba aliyegongwa akiwa hana permi (leseni ya kuendesha) hana la kudai, hivyo hurudi nyumbani na mguu uliovunjika bila kuandikisha lolote. Imani hiyo si kweli, na inaumiza familia nyingi. Kuendesha bila permi ni kosa lenye adhabu yake. Lakini kifungu cha 258 cha dekreti (amri yenye nguvu ya sheria) ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika, kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe hasara hiyo, na jaji hutazama kilichosababisha ajali, ingawa kosa la motari likichangia anaweza kupunguziwa fidia. Kinachomponza majeruhi zaidi ni kukosa PV (ripoti rasmi ya ajali) ya polisi wa barabarani, cheti cha daktari, na namba ya gari lililomgonga pamoja na ya bima yake, ambayo ni ya lazima kisheria.